Kura ya turufu ya Afrika Mashariki haipigwi Arusha

Tangu Somalia ilipokabidhi hati zake za kuridhia Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 4 Machi 2024, hoja moja imekuwa ikirudi magazetini, redioni na midomoni mwa wanasiasa wenyewe. Nchi zimefika nane, inasemwa, na nchi nane haziwezi kuafikiana katika kila jambo. Basi tuachane na maafikiano, tupige kura, na wengi wape. Kila mgogoro mpya unaipa hoja hii nguvu. Mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, wakuu wa nchi walifanya mkutano wa dharura kwa njia ya video bila Rais Félix Tshisekedi wa Kongo, mtu ambaye nchi yake ndiyo iliyokuwa ikiungua. Mwezi Julai mwaka huohuo Tanzania ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo saluni, ufundi wa simu, uwakala wa kutuma pesa na ununuzi wa mazao shambani, na Wakenya wakauliza kwa hasira: Soko la Pamoja tulilotia saini liko wapi? Jibu la haraka likawa lilelile. Jumuiya haina meno kwa kuwa kila rais ana kura ya turufu.

Naamini jibu hilo limekosea mlango. Ni kweli kwamba nchi moja inaweza kukwamisha mambo ya wote, lakini ukifuatilia maamuzi makubwa ya Jumuiya tangu mwaka 2000 utagundua kwamba ni machache sana yaliyofia ndani ya ukumbi wa mkutano. Mengi yalipita. Yaliafikiwa, yakasainiwa, picha zikapigwa, tamko likasomwa. Yalikufa baadaye, kimya kimya, katika wizara, katika mabunge ya taifa, kwenye vituo vya forodha na katika hazina zisizotuma mchango. Kura ya turufu inayotuumiza hupigwa nyumbani, baada ya ndege za marais kuondoka. Mtu anayetaka wakuu waanze kuhesabu mikono anaweka kitasa kipya kwenye mlango ambao mwizi hautumii.

Tuanze na utaratibu wenyewe, kwa sababu wengi wanaoulaumu hawajausoma. Mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kufanya kazi Julai 2000 unasema katika Ibara ya 12 kwamba maamuzi ya Mkutano wa Wakuu wa Nchi yatafanywa kwa maafikiano. Chini yao liko Baraza la Mawaziri. Humo waziri anayeongoza ujumbe wa nchi yake anaweza kuandikisha pingamizi, na lisipoondolewa, jambo linasimama na linaweza kupandishwa kwa marais. Bunge la Afrika Mashariki, lenye wabunge tisa wa kuchaguliwa kutoka kila nchi, ndicho chombo cha kisiasa chenye desturi ya kweli ya kuhesabu kura. Lakini muswada uliopitishwa na Bunge haugeuki sheria mpaka marais wote wauridhie. Mmoja asipoweka saini ndani ya miezi mitatu, unarudishwa bungeni pamoja na sababu. Akikataa tena baada ya kujadiliwa upya, unakufa. Rais mmoja, kalamu moja, na kazi ya wabunge wa nchi nane inaishia hapo.

Ukisoma hivyo unaweza kudhani wakosoaji wana haki kamili. Hapa inafaa tulisikilize neno lenyewe kwa Kiswahili chetu. Kuafikiana si lazima kila mtu apende. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo cha kugawa shamba anaijua ile sauti ya mzee inayosema: mimi sikuona hivyo, ila sitawazuia, endeleeni. Mzee huyo hakukubali, lakini hakupinga, na kikao kikasonga. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilisema jambo linalokaribiana sana na hilo mwaka 2009, ilipoombwa ushauri na Baraza la Mawaziri kuhusu kanuni ya kila nchi kwenda kwa kasi yake. Majaji walieleza kwamba maafikiano hayana maana ya kauli moja ya wote, na kwamba takwa hilo halizuii baadhi ya nchi kutangulia na nyingine kufuata. Kwa hiyo hata kabla ya kugusa herufi moja ya Mkataba, tayari tuna tafsiri ya kisheria inayompa mwenye haraka ruhusa ya kwenda, na mwenye mashaka ruhusa ya kusubiri. Tafsiri hiyo haitajwi kwenye mijadala yetu, nami nasikitika, kwa sababu bila kuijua tunajadili utaratibu ambao haupo.

Historia ya Jumuiya ya kwanza inaeleza kwa nini waasisi wa hii ya pili walishikilia maafikiano. Ile iliyoanza Desemba 1967 iliongozwa na Mamlaka ya marais watatu: Nyerere, Kenyatta na Obote. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Januari 1971, Mwalimu alikataa kuketi naye meza moja, na Mamlaka hiyo haikukutana tena. Reli, bandari, posta na shirika la ndege viliendelea kwa miaka bila mkutano wa wenye mali, hadi vilipovunjika mwaka 1977. Utangulizi wa Mkataba wa sasa unataja sababu za kuvunjika huko: utashi hafifu wa kisiasa, ushiriki mdogo wa sekta binafsi na wananchi, na mgawanyo wa manufaa usio sawa. Utaratibu wa kupiga kura haumo katika orodha hiyo. Fikiria Amin na Kenyatta wakipiga kura mbili dhidi ya moja ya Nyerere. Je, reli ingeokoka? Tanzania ingefunga mpaka mapema zaidi.

Sasa tuipe hoja ya kura haki yake, maana ina upande wenye uzito. Uzito huo ni kiti kitupu. Mwishoni mwa Novemba 2018 mkutano wa wakuu uliopangwa kufanyika Arusha uliahirishwa kwa sababu Burundi, iliyokuwa imekosana na Rwanda, haikuwakilishwa na akidi ikakosekana. Ukasogezwa hadi mwisho wa Desemba, ukaahirishwa tena, ukafanyika Februari mosi 2019. Hapo hapakuwa na tofauti ya mawazo iliyojadiliwa ikashindikana. Nchi moja haikuja, basi. Huyu si yule mzee anayesema sitawazuia. Huyu ni mwenye ufunguo wa ukumbi aliyebaki kwake na kuzima simu. Anayesema utaratibu wa namna hii ni hatari kwa Jumuiya ya nchi nane, ambayo sasa ina Kongo na Rwanda ndani ya chumba kimoja, anasema kweli, na mimi niko upande wake.

Upande wa pili ni ule wa uhuru wa nchi, na usichukuliwe kuwa ni kisingizio cha watawala tu. Mfano mzuri ni mkataba wa biashara na Ulaya. Mazungumzo yalikamilika mwaka 2014. Kenya, ambayo haimo katika kundi la nchi maskini zaidi zinazoingiza bidhaa Ulaya bila ushuru, ilikuwa na haraka: Oktoba 2014 maua yake yalianza kutozwa ushuru na wakulima wa Naivasha wakaumia kwa karibu miezi mitatu. Septemba 2016 Kenya na Rwanda zikasaini. Tanzania ikakataa, ikihofia viwanda vyake vichanga, kwa sababu mkataba ulitaka sehemu ya asilimia 82.6 ya biashara kutoka Ulaya ifunguliwe hatua kwa hatua. Burundi, iliyokuwa chini ya vikwazo vya Ulaya, haikuona sababu ya kusaini. Uganda ikasubiri. Kwa zaidi ya miaka minne jambo likawa limekwama, hadi Februari 2021 wakuu walipoafikiana kwamba anayetaka kuendelea aendelee. Kenya ikasaini peke yake Desemba 2023, na mkataba ukaanza kutumika Julai 2024.

Mtetezi wa kura atasema: ona, miaka imepotea. Mimi naona pia kilichookolewa. Tuseme mwaka 2016 kungekuwa na kura na Uganda ikaungana na Kenya na Rwanda: tatu dhidi ya mbili. Tanzania, yenye bandari ya Dar es Salaam inayozihudumia nchi nyingi za bara, ingelazimishwa kulegeza ushuru ambao serikali yake ilikuwa imeutangaza hadharani kuwa hatari. Nani angewaamuru maofisa wa forodha wa Dar es Salaam watekeleze? Jumuiya haina maofisa wa forodha wake, haina polisi wake, haina hata mapato yake yenyewe. Kura ingeshinda Arusha na kushindwa kwenye lango la bandari, na Jumuiya ingebaki na uamuzi halali usiotekelezwa na mwanachama aliyeudhika. Hilo ni baya kuliko kuchelewa.

Wanaosema tuige Ulaya wasimulie hadithi ya Ulaya yote. Ni kweli kwamba katika Baraza la Umoja wa Ulaya mambo mengi hupitishwa kwa wingi maalumu: angalau asilimia 55 ya nchi, yaani 15 kati ya 27, zenye angalau asilimia 65 ya watu wote wa Umoja. Ni kweli pia kwamba sera ya mambo ya nje, kodi na kuingiza wanachama wapya bado vinataka kauli moja. Desemba 2023, ili Ukraine ifunguliwe mlango wa mazungumzo ya uanachama, Waziri Mkuu Viktor Orbán wa Hungaria alitoka chumbani ili wenzake waafikiane bila yeye. Hata Brussels, basi, kuna mzee anayesema endeleeni, mimi natoka nje. Na wenyewe walishaonja kiti kitupu: kuanzia katikati ya 1965 Ufaransa ya De Gaulle ilisusia vikao vya Baraza kwa miezi kadhaa, ikikataa kuingizwa kwenye kura ya wengi, na Januari 1966 wakamaliza kwa maelewano ya Luxembourg, kwamba nchi ikisema jambo linagusa maslahi yake makuu, wataendelea kuzungumza.

Lakini somo kubwa zaidi la Ulaya ni la Septemba 2015. Wakimbizi walikuwa wakiingia kwa maelfu Ugiriki na Italia, na mawaziri wakaamua kwa kura, siyo kwa maafikiano, kuwagawa watu 120,000 miongoni mwa nchi wanachama. Hungaria, Slovakia, Romania na Jamhuri ya Cheki zilipiga kura ya hapana, zikashindwa. Hungaria na Slovakia zikaenda mahakamani, zikashindwa huko pia mwaka 2017. Kila kitu kilikuwa halali, na bado Hungaria haikumpokea hata mtu mmoja chini ya mpango ule. Ikiwa Umoja wenye mahakama ya miaka zaidi ya sitini, bajeti kubwa na uzoefu wa vizazi viwili ulishinda kura ukashindwa utekelezaji, sisi tunaotegemea michango isiyofika tunatarajia nini? Kinachoipa kura ya Ulaya nguvu, pale inapokuwa na nguvu, ni kinachofuata baada ya kura. Juni 2024 mahakama yao iliipiga Hungaria faini ya euro milioni 200, na euro milioni moja kwa kila siku ya ukaidi, kwa kutotii hukumu ya awali kuhusu waomba hifadhi. Fedha za namna hiyo zinaweza kukatwa kwenye kile ambacho nchi ingepokea kutoka mfuko wa Umoja. Sisi hatuna cha kukata, kwa sababu mfuko wetu ndio unaodai.

Na kuna tatizo la hesabu ambalo sijaona likijadiliwa vya kutosha. Ukisema tupige kura, itabidi useme kura ya nani ina uzito gani. Nchi moja kura moja? Basi nchi tano kati ya nane zinatosha. Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Somalia zikipata mwenzao mmoja, zinaweza kuziamulia Tanzania na Kenya, au Kongo na Kenya, jambo zito kama ushuru wa forodha. Tanzania peke yake ilihesabu watu milioni 61.7 mwaka 2022. Rwanda mwaka huohuo milioni 13.2. Mwananchi wa Tabora au Kakamega ana haki ya kuuliza kwa nini sauti yake ipungue kiasi hicho. Haya, tupime kwa idadi ya watu kama Ulaya. Idadi ipi? Kongo ilifanya sensa ya mwisho mwaka 1984, zama za Mobutu. Sudan Kusini ilihesabiwa mwaka 2008, kabla ya uhuru wake, na viongozi wake wenyewe wakayakataa matokeo. Somalia haijakamilisha sensa tangu dola yake ilipoporomoka mwaka 1991. Kwa makadirio, Kongo peke yake ni karibu theluthi ya watu wote wa Jumuiya. Ukichukua kizingiti cha Ulaya cha asilimia 65, Kinshasa ikimpata rafiki mmoja mdogo inaweza kuzuia chochote. Tutakuwa tumeondoa kura nane za turufu na kubakiza moja kubwa, iliyojengwa juu ya makadirio.

Zaidi ya hayo, tumeshajaribu kura ya wengi, na tunajua inavyokwenda. Desemba 2017 Bunge la Afrika Mashariki lilipokuwa likimchagua Spika, wabunge wa Tanzania na Burundi walisusia. Martin Ngoga wa Rwanda akachaguliwa, Burundi ikaenda mahakamani kwa hoja ya akidi, ikashindwa. Kura ilipatikana, lakini doa lilibaki, na mjadala wa nani anastahili kiti kwa zamu ulifunika kazi ya kutunga sheria kwa muda mrefu. Nje ya nyumba yetu mfano ni mkali zaidi. Juni 2025, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Afrika ya Kati ilipoinyima Rwanda zamu ya uenyekiti wakati wa mvutano wake na Kongo, Kigali ilitangaza kujitoa papo hapo. Nchi zetu zina nyumba nyingi: Tanzania na Kongo zimo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nyingine nyingi zimo COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ambalo Tanzania yenyewe ililihama mwaka 2000. Mwanachama mwenye kwake pengine akishindwa kwa kura hubeba mkoba.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu ni ile ya kasi, kwamba maafikiano kwa asili yake ni ya polepole. Kumbukumbu zinakataa. Novemba 2006, Mahakama ya Afrika Mashariki ilipozuia kuapishwa kwa wabunge wa Kenya kwa sababu uchaguzi wao haukufuata Mkataba, marais watatu wa wakati huo waliafikiana ndani ya wiki chache kuubadili Mkataba, kuigawa Mahakama katika vitengo viwili na kuongeza sababu za kumwondoa jaji. Chama cha wanasheria kikashtaki, na mwaka 2008 Mahakama ikasema wananchi walipaswa kushirikishwa. Maafikiano hayakuchelewesha chochote hapo; laiti yangechelewesha. Vivyo hivyo Kongo: iliomba kujiunga katikati ya 2019 na Machi 2022 ikakubaliwa, na kabla ya mwaka huo kuisha majeshi ya Jumuiya yalikuwa mashariki mwa nchi hiyo. Wakuu wakitaka jambo, maafikiano hupatikana upesi. Wasipolitaka, hawalipingi mezani. Wanalipitisha, kisha wanaliacha njiani.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Ushuru wa pamoja wa forodha ni uamuzi wa pamoja uliojadiliwa kwa miaka. Julai 2022 tukaanza kutumia kiwango cha juu kipya cha asilimia 35. Lakini kila mwaka wa fedha unapoanza, gazeti la Jumuiya hutoka na kurasa nyingi za maombi ya nchi moja moja kusitisha kiwango kile na kutumia chake. Mchele ni mfano ninaoujali kwa sababu najua unalimwa na nani. Ushuru wa pamoja kwa mchele wa kutoka nje ni asilimia 75, kwa lengo la kumlinda mkulima wa Mbeya, Shinyanga, Mwea na Ahero. Kenya imekuwa ikiruhusiwa kutoza asilimia 35, kwa hiyo mchele wa Pakistan unashuka Mombasa kwa nusu ya ulinzi ulioahidiwa. Kenya ina sababu zake, walaji wa mijini wanahitaji chakula cha bei nafuu, na Tanzania nayo ina orodha yake ya bidhaa. Hakuna aliyepinga ushuru wa pamoja kwenye mkutano. Wote waliukubali, halafu kila mmoja akautoboa tundu lake.

Mahindi nayo. Tarehe 5 Machi 2021 barua moja ya mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Malori yakajipanga mipakani, na siku chache baadaye zuio likabadilishwa kuwa masharti. Hofu ya sumukuvu ni ya kweli, imeua watu pande zote. Lakini barua hiyo haikupitia Baraza lolote la Mawaziri. Niliwahi kukaa nusu siku na dereva wa lori upande wetu wa mpaka mmoja, akisubiri karatasi ambayo kwa mujibu wa itifaki haikupaswa kuhitajika. Aliniuliza kama hao wakubwa wa Arusha wanajua. Wanajua. Walikwisha kuafikiana kwamba hali hiyo isiwepo. Na amri ya Tanzania ya Julai 2025 inaingia kundi hilihili: Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwa ikifanya kazi tangu Julai 2010, inatambua haki ya raia wa nchi wanachama kwenda kuanzisha shughuli kwa masharti yaliyopangwa, na hakuna aliyeiondoa. Iliwekwa kando na waraka wa wizara, huku wenye maduka wa Kariakoo wakishangilia. Nawaelewa, ushindani unaumiza. Ila tusiseme Jumuiya ilishindwa kuamua. Iliamua zamani.

Kwa hiyo kama tunataka kubadili kitu, tubadili kinachofuata baada ya maafikiano. Mkataba wenyewe umeacha mwanya wa kuanzia, na mwanya huo ni Ibara ya 148. Inasema kwamba nchi inapojadiliwa kusimamishwa au kufukuzwa, maoni yake hayahesabiwi katika kufikia maafikiano. Waasisi waliona kwamba mshtakiwa hawezi kuwa hakimu wa kesi yake. Kanuni hiyo ingeweza kupanuliwa kwa busara: nchi isiyolipa mchango, au iliyopuuza hukumu ya Mahakama ya Afrika Mashariki, maoni yake yasizuie maamuzi ya wenzake mpaka itimize wajibu. Umoja wa Afrika unafanya kitu cha namna hiyo; mwaka 2020 Sudan Kusini ilizuiwa kushiriki kwa sababu ya malimbikizo. Kwetu, Ibara ya 143 inasema mwanachama asiyetimiza wajibu atachukuliwa hatua ambazo wakuu wataamua, na hao wanaoamua kwa maafikiano ni pamoja na mdaiwa mwenyewe. Mkataba uliweka michango iwe sawa kwa kila nchi, na Burundi, Sudan Kusini na Kongo zimetajwa mara kwa mara katika orodha za madeni. Ahadi ni deni, lakini kwetu mdaiwa huketi kiti cha mbele na kuzuia mjadala wa deni.

Kiti kitupu nacho kiondolewe nguvu. Nchi iliyoalikwa kwa muda uliowekwa ikakosa kutuma hata waziri ihesabiwe kama yule mzee wa kikao: hakupinga, endeleeni. Kutokuwepo kusiwe na nguvu kuliko hoja. Ridhaa ya marais kwa miswada igeuzwe vilevile, miezi mitatu ikipita bila pingamizi la maandishi muswada uwe sheria, na rais anayekataa aeleze sababu hadharani, kwa jina la nchi yake, ili wananchi wake wajue nani kakataa nini. Hapo hatuondoi uhuru wa nchi. Tunaondoa ukimya, ambao umekuwa chombo cha kukwamisha kuliko kura yoyote. Na misamaha ya ushuru iwe na kikomo cha miaka, isigeuke desturi ya kila Julai.

Ninajua kizuizi: mabadiliko haya yenyewe yanahitaji nchi zote kukubali, na kwa nini mdaiwa akubali kanuni ya kumbana mdaiwa? Swali hilo ni halali, na halina jibu la siku moja. Ila ona tofauti ya maombi mawili. Ukiiomba Rwanda au Burundi ikubali kura ya wengi, unaiomba iweke hatima yake mikononi mwa majirani wakubwa bila kujua watakachoamua kesho. Ukiiomba ikubali kwamba atakayesusia mkutano asizuie wengine, unaiomba kitu ambacho yenyewe imewahi kukihitaji na itakihitaji tena. La kwanza linataka imani ambayo, baada ya Goma na jirani yake Bukavu kutekwa na M23, hakuna aliye nayo. La pili linataka maslahi tu. Mazungumzo ya katiba ya shirikisho la kisiasa yamekuwa yakiendelea tangu wakuu walipokubali mwaka 2017 kuanza na shirikisho legevu, na watu wanaoyaendesha wanauliza wananchi katika kumbi za mikoani wanataka rais wa aina gani, bunge la aina gani. Ningeombwa maoni katika ukumbi mmojawapo, ningeuliza kwanza kuhusu yule dereva na karatasi yake: mwaka 2010 tulikubaliana nini, na nani, kwa jina na cheo, anawajibika kwamba bado hakijafika mpakani?